Rangi za picha za Kihindi zatwambia nini?

Siku ya Idi mosi, baada ya wageni kupungua na sinia za halua na vileja kurudishwa jikoni, watoto wa nyumbani kwetu waliwasha televisheni kutazama picha ya Kihindi. Nami nalikuwa nimejinyosha juu ya mto, nia yangu kulala kidogo kabla ya alasiri. Sikulala. Picha yenyewe ilikuwa Padmaavat, ile aliyoitengeneza Sanjay Leela Bhansali ikatoka mwezi wa Januari 2018, na yeyote aliyeiona atanielewa nikisema kwamba usingizi haukai mbele yake. Dhahabu yamemetuka, taa za mafuta zimepangwa ukutani hazihisabiki, mitandio mekundu yapepea kama matanga ya kaskazi, na wacheza ngoma wazunguka kwa pamoja hata marinda yao yawa kama maua yaliyofunguka kwa mpigo mmoja. Nikajikuta nimekaa kitako, mikono magotini, kama mtoto wa miaka kumi.

Basi akatokea Sultan Alauddin Khilji. Nywele timtim, macho yamekolezwa wanja, ameketi gizani mbele ya pande la nyama analirarua kwa meno, na moshi umemzunguka kama jini aliyetolewa chupani. Mjukuu wa ndugu yangu, msichana wa miaka 9 ambaye mwaka huu amehitimu juzuu ya Amma, akageuka akaniuliza: "Babu, huyu ndiye Muislamu wao?"

Nikamjibu: "Hiyo ni picha tu, mwanangu. Tazama."

Jibu hilo limekaa kooni mwangu tangu siku ile kama mwiba wa samaki. Mimi ni mtu wa mashairi. Umri wangu wote nawaambia vijana wanaoniletea tungo zao kwamba hakuna neno lililo "neno tu". Kwamba mtunzi akiweka "kunguru" mahali pa "njiwa" hana haki ya kusema hakukusudia. Vipi basi nimwambie mtoto kwamba rangi ni rangi tu? Aliyempaka yule Sultan masizi na kumpaka raja wa upande wa pili dhahabu alijua alitendalo. Na mtoto alifahamu. Aliyejitia kutofahamu ni babu yake.

Yanibidi nikiri kwamba katika kesi hii mimi si hakimu wa haki, maana picha za Kihindi ni mapenzi yangu ya utotoni. Sisi tuliozaliwa Mombasa mwanzo wa miaka ya 70 tulikuwa na Idi ya mambo matatu: kanzu mpya, kuzunguka kwa mabibi na mashangazi kuomba sikukuu, na sinema. Senti zilizopatikana kwa jambo la pili ndizo zilizolipia jambo la tatu. Naaz, Regal, Majestic: majumba hayo hayaonyeshi tena picha, lakini mtu wa rika langu ukimtajia majina hayo utaona uso wake wabadilika. Ulikuwa ukiingia na bajia na njugu zilizofungwa gazetini, taa zikizimwa watu wapiga miluzi, na stelingi akitokea mara ya kwanza hapasikiki kitu kwa makofi. Kinamama nao walikuwa na nyakati zao za mchana, mabuibui yamejaa ukumbi mzima, na wakirudi nyumbani macho yamevimba kwa kulia, baba akiuliza kuna nini waambia ni vumbi.

Chuoni tulikuwa tukila bakora kwa ajili hiyo. Maalimu wetu, Mola amrehemu, alikuwa akitutambua kwa kutusikia tukivumisha nyimbo za picha tulipodhani hayupo karibu. "Hawa Wahindi wenu," alikuwa akisema, "hawakuwapa Alif lakini wameshawapa Ye." Sisi tukacheka chini kwa chini, bakora ikateremka. Lakini Alif zile za chuoni ndizo zilizotufungulia mlango wa picha. Hatukujua Kihindi wala Kiurdu, ila hatukuwa wageni kabisa. Pale pazia jeupe liliposema dunia, tulijua dunia. Likisema waqt, tulijua wakati. Likisema mohabbat, tulijua ni mahaba. Kitab ni kitabu, insaf ni insafu, adab ni adabu. Kiurdu na Kiswahili wamenyonya kwa mama mmoja, ndiye Mwarabu, na kwa jirani yake Mwajemi. Yaliyobaki tukatafsiriwa na wajuzi, na kila safu ya viti haikosi mjuzi mmoja, nusu ya aliyoyasema akiyatunga mwenyewe.

Katika picha zote nilizoziona wakati huo, iliyonifunza kwamba rangi ina ulimi ni Mughal-e-Azam. Ilitoka mwaka 1960, mimi sijazaliwa, lakini picha kubwa zilikuwa zikirudi na kurudi. K. Asif aliishughulikia kwa miaka mingi hata watu wakamdhania hana akili. Karibu yote ni nyeusi na nyeupe. Mfalme Akbar, ndiye Prithviraj Kapoor. Mwanawe Salim, ndiye Dilip Kumar, ambaye jina lake alilopewa na wazee wake ni Yusuf Khan. Na kijakazi Anarkali, ndiye Madhubala, naye pia ni wetu kwa jina, Mumtaz Jahan. Kisa chenyewe si tarehe, ni ngano: mwana wa mfalme apenda kijakazi, baba akataa. Umekaa muda mrefu katika ulimwengu huo wa kijivujivu, macho yameshazoea, mara waingizwa katika chumba cha vioo, Sheesh Mahal, na rangi zote zafunguka pamoja.

Chumba hicho kilijengwa kwa kiasi cha miaka miwili, na vigae vya kioo viliagizwa Ubelgiji. Taabu ya wapiga picha ilikuwa kwamba kila taa waliyoiwasha ilirudi machoni mwa kamera, mpaka mpigaji, R. D. Mathur, akapata hila ya kuulainisha mwanga. Lakini msomaji, tazama kazi ifanywayo na vioo vile. Anarkali aimba mbele ya mfalme kwamba amependa na haoni haya wala hofu. Mfalme akasirika, hataki kumuona. Basi kila upande atupapo jicho, yule kijakazi yuko humo, darini, ukutani, mmoja amekuwa mamia, na mfalme wa India nzima hana pa kukimbizia macho. Ukiziondoa rangi na vioo vile, maneno yabaki pungufu. Rangi pale ni ubeti, nao una vina na mizani yake.

(Mwaka 2004 walitoa nakala mpya iliyopakwa rangi mwanzo hadi mwisho. Sipendi kuwavunjia watu furaha zao, lakini aliyefanya kazi ile alilipa kila siku ya mwaka kuwa Idi, kisha akataka watu wafurahie Idi.)

Ya pili ni Pakeezah ya Kamal Amrohi, iliyoanza kupigwa katika miaka ya 50 ikatoka Februari 1972. Mpigaji wake mkuu, Mjerumani aitwaye Josef Wirsching, alifariki 1967 kabla haijakwisha. Mtunzi wa muziki, Ghulam Mohammed, akafuata 1968, na Naushad ndiye aliyeikamilisha. Naye Meena Kumari, stelingi wenyewe, akafariki tarehe 31 Machi 1972, picha haina hata miezi miwili sokoni. Yahusu mwanamke mcheza ngoma katika majumba ya starehe, moyo wake ni safi na dunia haitaki kuamini. Kuna mahali acheza yeye mbele, na nyuma yake, mbali, katika kila roshani ya mtaa ule, kuna mwanamke mwengine naye acheza, wadogo kama wanasesere. Hakuna anayekwambia kitu. Lakini jicho likishawaona wale wa nyuma, waelewa kwamba huzuni unayoitazama si ya mtu mmoja bali ni biashara ya mtaa mzima.

Kisha mwisho wake. Aitwa kucheza katika arusi ya mwanamume ampendaye. Zulia ni jeupe. Avunja taa ya kioo, acheza juu ya vigae, na nyayo zake zachora damu juu ya ule weupe. Wale mabwana wameketi wamevaa vizuri, wameegemea mito. Rangi mbili tu, nyeupe na nyekundu, na zatosha kuwahukumu wote waliomo nyumbani mle. Niliiona nikiwa mkubwa kidogo, nikatoka nje nikakaa kwenye baraza ya duka lililofungwa, sikuweza kurudi nyumbani mara moja.

Naitaja nyekundu hiyo kwa sababu nyekundu ya Padmaavat ndiyo iliyonipa taabu zaidi kuliko hata nyama ya Sultan.

Waliotazama wajua mwisho wake. Raja ameuawa, ngome ya Chittor imezingirwa, na Malkia Padmavati awaongoza wanawake wote kuingia motoni ili wasichukuliwe mateka. Wamevaa mashela mekundu kama maharusi, wakimbia kwa pamoja, muziki wapanda, vitambaa vyapeperuka polepole, cheche za moto zaelea kama vimulimuli. Miongoni mwao yumo mja mzito, na yumo mtoto wa kike. Nami, haya natunza ya nini, nywele zilinisimama. Nilihisi ule utukufu waliotaka niuhisi. Ndipo nilipomuona mjukuu wetu, mdomo wazi, macho yamejaa machozi ya furaha kana kwamba yuatazama harusi, nami nikashtuka: huyu mtoto aonyeshwa wanawake na watoto wakijitia motoni, naye atamani angekuwamo, kwa sababu mashela yao ni mazuri.

Sote tulisoma katika Surat Yusuf habari ya wale wanawake wa mjini waliopewa visu na matunda, na Nabii Yusuf alipotokezwa mbele yao wakajikata mikono na wasihisi. Maalimu alikuwa akituuliza: lipi la ajabu zaidi, uzuri wa Yusuf au kutohisi kisu? Wakati huo tulijibu uzuri. Leo ningejibu kisu.

Nyekundu ya Pakeezah yakufanya uone aibu kwa damu iliyomwagika. Nyekundu ya Padmaavat yakufanya uisahau. Na waliopiga zote mbili ni mafundi, wala sitadai Bhansali hana ufundi. Picha yake ya Devdas ya mwaka 2002 naipenda, na chumba cha vioo alichokijenga katika Bajirao Mastani ya mwaka 2015 ni salamu ya mjuzi kwa K. Asif. Ufundi anao tele. Nimuulizacho ni kuhusu kisa alichokichukua, kwa sababu kisa hicho kina mwenyewe, na mwenyewe ni mshairi Muislamu.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana sijui kama watu wetu wengi walipata kulisikia jina hili. Malik Muhammad Jayasi alikuwa mtu wa Jais, nchi ya Awadh, kaskazini ya India. Alikuwa sufii. Mwaka 1540 au karibu na hapo alianza kutunga utenzi mrefu uitwao Padmavat, si kwa Kiajemi cha mabwana bali kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kwao, na nakala zake za kale nyingi zimeandikwa kwa hati ya Kiajemi, yaani ndugu wa hati zetu. Dibaji yake yamhimidi Mwenyezi Mungu, kisha yamsifu Mtume (s.a.w.), kisha masahaba wanne, kisha masheikh wa njia yake, ndipo kisa kianze. Mtu yeyote aliyelelewa kwa tenzi za Lamu na Pate akiisikia dibaji hiyo atajua kwamba huyu ni mtu wa nyumbani. Amekaa tu upande wa pili wa bahari. Muislamu aliyechukua lugha ya mamake, akaiandika kwa hati aliyofunzwa chuoni, akasimulia ngano ya mapenzi akikusudia safari ya roho: tofauti gani iko baina yake na masheikh wetu waliotunga kwa Kiamu?

Na zaidi ya hayo, Jayasi alikuwa chongo. Ajitaja mwenyewe katika utenzi wake kuwa ni mshairi mwenye jicho moja. Picha ya kujaza macho kuliko zote za miaka yake imetokana na mtu mwenye jicho moja!

Sasa sikiliza mlivyo katika utenzi na mlivyogeuzwa. Kwa Jayasi, Raja Ratansen hampendi Padmavati kwa kumuona. Ampenda kwa kusikia. Kasuku mwenye hekima, Hiraman, amsimulia uzuri wa binti wa Singhal, kisiwa cha mbali, na mfalme aanguka kwa maneno tu, avaa nguo za fakiri aondoka kumtafuta. Mapenzi yaingia kwa sikio. Mwenye tamaa ya jicho ni Sultan: yeye ndiye atakaye kuona, na aonapo, aona kivuli katika kioo. Katika picha ya Bhansali kasuku hana kazi. Raja na binti wakutana msituni kwa mshale, watazamana, basi, yamekwisha. Kwa mtengeneza sinema hilo ni jambo la kueleweka, kasuku ni mgumu kumpiga picha. Lakini ona hasara yake. Jayasi aliweka mizani: huyu apenda kwa sikio na huyu kwa jicho. Ukiliondoa sikio, wote wawili wawa watu wa jicho, na tofauti iliyobaki baina yao ni nguo na dini.

La pili ni zito zaidi. Katika utenzi, Ratansen hauawi na jeshi la Sultan. Auawa kwa majeraha ya vita baina yake na Devpal, raja wa Kumbhalner, Mhindu mwenzake, ambaye naye alimtamani Padmavati wakati mumewe yumo kifungoni. Jayasi aliigawa tamaa kwa insafu: Muislamu mmoja, Mhindu mmoja. Tamaa haina kabila. Katika picha, Devpal hayupo kabisa. Fungu lake limebebeshwa Sultan, na Sultan kapakwa masizi zaidi ili aweze kulibeba. Na mwisho wa utenzi, Sultan aingia Chittor akute alichokitamani ni majivu. Ndiyo maana yake yote. Nakala nyingine zina beti za mwisho zifasirizo kila mtu ni mfano wa nini, na wataalamu wengi wasema beti hizo ziliongezwa baadaye. Lakini hata bila ya hizo, nani asomaye majivu yale asifahamu kwamba aambiwa habari ya nafsi yake?

Msinidhanie nataka kumtetea Alauddin. Alikuwa mfalme wa zama zake, na zama zake zilikuwa kali. Mwaka 1296 alimuua ami yake, ambaye pia ni mkwewe, akatwaa kiti cha Delhi. Picha yaonyesha hivyo na ni kweli. Mwaka 1303 aliiteka Chittor. Hiyo pia ni kweli. Amir Khusrau, mshairi, alikuwako katika safari hiyo na ameiandika, wala hakumtaja malkia huyo. Miaka zaidi ya 230 ilipita kabla ya Jayasi kumtunga. Lakini yule tuliyeonyeshwa kama mnyama wa pangoni ndiye aliyejenga Alai Darwaza mwaka 1311, lango lililo karibu na mnara wa Qutb huko Delhi. Ni la mawe mekundu na marmari nyeupe, limechorwa maandishi, na madirisha yake ni jiwe lililotobolewa kama kitambaa cha kofia ya viua, jua lapenya vipande vipande. Lipo mpaka leo. Mtu aliyeagiza rangi mbili hizo ziwekwe pamoja namna ile alikuwa na jicho. Mtengeneza picha ajuaye rangi kama Bhansali hakosi kulijua lango hilo. Giza lile alilompa Sultan alilichagua.

Nilipoyazungumza haya barazani petu, nilipata majibu ya namna mbili, na yote mawili hayakuniridhisha. Mzee mmoja akasema: dawa ni kuzima. Akatoa mfano wa Malaysia, ambako wakaguzi wa filamu waliipiga marufuku Padmaavat mwaka 2018 kwa ajili ya kuwachukiza Waislamu. Lakini huko India kwenyewe waliotaka ipigwe marufuku ni kundi la Marajputi, waliovunja vifaa vya wapiga picha Jaipur Januari 2017 kwa madai kwamba malkia wao atavunjiwa heshima. Jina likabadilishwa, kutoka Padmavati likawa Padmaavat, na katika wimbo mmoja kiuno cha mwigizaji kikafunikwa kwa ufundi wa kompyuta. Yaani kiuno kilipata wakili, na Jayasi hakupata. Hayo ndiyo matokeo ya marufuku: kila mtu alinda chake, wala hakuna anayekilinda kisa. Tena mimi niliyekula bakora kwa sababu ya sinema naweza kutoa ushahidi kwamba bakora haijapata kumzuia mtu.

Vijana nao wakasema: "Ami, hayo ni burudani, mbona mwayatia uzito?" Hao ndio walionitia hasira zaidi, kwa kuwa wamesema lile lile nililolisema mimi siku ya Idi.

Hawa vijana nawakumbusha jambo lililo karibu nao, na pengine hawajalifikiri. Sisi watu wa pwani hatukuzipokea picha za Kihindi kama jaa linavyopokea taka. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alichukua nyimbo za Kihindi akazifanya taarabu hata Wahindi wa Mombasa wenyewe wakasimama kumsikiliza. Maulidi Juma alifanya vivyo hivyo. Walichukua sauti, wakachukua mapigo, wakachukua na ile namna ya kulia katikati ya neno. Lakini maneno? Maneno hawakuyachukua. Maneno yalitoka kwa washairi wetu, akiwamo Ahmad Nassir, yamepimwa kwa mizani ya Kimvita, yana mafumbo yetu na adabu zetu. Mtu alikaa na wimbo wa picha usiku kucha akauliza: hiki chafaa kwetu, hiki hakifai, hapa patiwe nini? Huko ndiko kutazama. Sikio letu lilikuwa na bawabu mlangoni. Jicho letu halina. Ukumbini kwa maharusi wa siku hizi twaona mavazi, viti, pazia, mpaka namna ya bibi harusi kuinua ukaya, vyote vimeshushwa kama vilivyo kutoka kwenye picha za Bhansali, wala hakuna mshairi aliyeulizwa.

Nami nina lawama yangu. Washairi tumezungumza miaka mingi juu ya vina na mizani, na habari ya picha tukawaachia watoto. Hatuna hata maneno ya kutosha ya kumwambia mtoto kwa nini nyekundu hii ni ya haki na nyekundu ile ni ya udanganyifu. Katika makala haya yenyewe nimehangaika.

Jioni ya Idi pili nilimwita yule msichana. Nikamwambia kwamba jana nilimjibu vibaya. Nikamsimulia habari ya mshairi chongo na kasuku wake, naye kasuku akampendeza mno, akataka kujua kwa nini hawakumtia katika picha. Nikamuonyesha katika simu lango jekundu na jeupe la Delhi, nikamwambia nani aliyelijenga. Alilitazama kwa muda, akalikuza kwa vidole, akauliza kama mtu yule alikuwa na mikono misafi. Sikuwa na jibu la swali hilo, nikalicheka.

Kisha tukatafuta Mughal-e-Azam ya asili. Akalalamika: haina rangi, watu wazungumza sana, na yule mfalme mwenye masharubu amkumbusha babake maalimu wake. Nikamwambia naye huyo ni Muislamu. "Huyu?" akauliza, akamtazama upya. Alivumilia kwa ajili yangu na kwa ajili ya sahani ya njugu. Tulipofika chumba cha vioo alikuwa ameshaegemea bega langu, nadhani usingizi ushamchukua nusu. Rangi zilipofunguka akainuka. Hakusema neno mpaka wimbo ulipofika pale darini, Anarkali alipoanza kuzunguka katika kila kigae, akaanza kuwahisabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akafika arubaini na kitu, akapotea, akaniomba nirudishe nyuma aanze tena.